SOMO: MBELE YA KUSHITAKI MTU, TUULIZE MAJI

Ndugu wanafunzi, wadogo kwa wakubwa,

Mwalimu anayesimamia gazeti letu alituomba sisi wa mwaka wa mwisho tuandike somo juu ya sayansi na maisha ya kila siku. Kwanza tulitaka kuandika juu ya roketi na nyota, kwa sababu mambo ya mbali yanapendeza na hayamwumizi mtu. Kisha tukaona haya. Majira ya mvua yaliyopita kulitokea jambo hapa Lweba. Ninyi wote mulilisikia, na wengi mulilibeba mdomoni toka nyumba hadi nyumba. Sisi makapita tulilibeba kuliko wote. Basi somo litatoka hapo. Tunaomba mulisome polepole, halafu mujibu maswali yaliyo mwishoni.

1. JAMBO LENYEWE

Katika juma moja wadogo watano wa internati, wa darasa la saba na la nane, walishikwa na kuhara na kutapika. Kuhara kwenyewe hakukuwa kwa kawaida. Yalitoka maji matupu, meupe kama maji yaliyooshea mchele. Mmoja wao alicheza mpira pamoja nasi jioni. Asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mzee, na sauti imekwisha. Tulimbeba mgongoni mpaka dispensere.

Hata saa sita ya mchana haijafika, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupata mwenyewe. Munamjua yule mama mzee aliyekuwa akiuza mandazi kando ya njia ya shule. Ni mjane, hana mtoto hapa, naye anaongea kidogo. Mtu mmoja alisema, "Wote watano walikula mandazi yake." Mwingine akasema, "Ule mama iko na sumu." Hatujui nani alisema kwanza. Tunajua nani alisema kwa sauti kubwa: ni sisi. Jioni, wakati wa chakula, tulisimama mbele ya meza tukatangaza kwamba tangu leo mtu asinunue kitu kwa yule mama. Neno "mchawi" hatukulitamka. Lakini kila mtu alilisikia.

Kesho yake vijana walirushia beseni lake mawe. Mandazi yakaanguka katika matope. Yeye hakupiga kelele. Aliokota beseni, akaenda nyumbani, na njiani hakuonekana tena.

Ndugu, tuelewe vizuri kitu tulichokuwa tunachezea. Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, mwaka 2021, kuna wamama walioshitakiwa uchawi wakauawa na watu wa vijiji vyao, wengine kwa moto. Hawakuhukumiwa na baraza lolote. Mambo yale yalianza kama yetu yalivyoanza: mtu aliugua, mwingine akataja jina, na wote wakanyamaza isipokuwa wale waliopiga kelele.

2. MASWALI MATATU YA MUNGANGA

Siku mbili zilipopita, munganga wa dispensere alikuja shuleni. Hakuuliza, "Ni nani aliyewapa sumu?" Alitosha kaye yake akauliza mambo matatu, na kila jibu akaliandika.

La kwanza: kila mtoto alianza kuugua siku gani, saa gani?

La pili: siku tano mbele ya kuugua alikula nini, na alikunywa maji gani?

La tatu: ni nani aliyekula na kunywa kama wao, lakini hakuugua?

Lile la tatu ndilo lililotushinda. Hatukuwa tumeliuliza hata mara moja. Munganga alipouliza, tulikuta kwamba wanafunzi wengi wanaolala kwao walikula mandazi yale yale, siku zile zile, na wako wazima. Tena tulikuta kwamba mmoja wa wale watano hakuwa amekula hata andazi moja, kwa sababu juma lile hakuwa na pesa. Kumbe ile habari ya "wote watano walikula" ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, na hatukuwa tumemwuliza hata mgonjwa mwenyewe.

Kisha akafika kwenye maji. "Maji ya kunywa mulichota wapi?" Watoto wakatazamana. Mmoja akajibu, "Ku ziwa, pale mitumbwi inafikia." Munganga akauliza, "Na ni nani aliwatuma pale?"

Ni sisi tuliowatuma. Juma lile robine ya shule ilikuwa imekauka. Ilitakiwa kupanda mpaka chemchemi iliyojengwa kule mlimani, na wadogo walikuwa wanachelewa masomo ya jioni. Mwenye kuulizwa juu ya kuchelewa ni kapita. Basi sisi makapita tuliwaambia, "Chota ziwani, ni karibu. Maji ni meupe, yote ni mamoja." Walijaza pipa. Hakuna aliyechemsha, hakuna aliyetia dawa.

Sasa mutauliza: juu ya nini sisi wakubwa hatukuugua? Na sisi tulijiuliza. Jibu ni jepesi na la aibu. Juma lile sisi wa mwaka wa mwisho tulikuwa tunakesha na vitabu, tukijitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na mpishi alitupikia chai asubuhi na usiku. Maji ya chai yanachemka. Wadogo walikunywa ya pipa.

3. BARABARA MOJA YA LONDON, MWAKA 1854

Jambo kama letu lilitokea zamani katika mji mkubwa. Mwisho wa mwezi wa nane mwaka 1854 kipindupindu kilipiga mtaa mmoja wa London, karibu na barabara iliyoitwa Broad Street. Kwa siku kumi hivi walikufa watu zaidi ya 500. Wakati ule hata waganga wakubwa waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa mbaya yenye harufu.

Daktari John Snow hakukubali. Alienda nyumba kwa nyumba akiuliza maswali yale yale: nani amekufa, siku gani, alikunywa maji ya wapi? Aliona kwamba vifo vingi vilizunguka pampu moja ya maji. Hakusimama hapo. Alitafuta wale ambao hawakufuata kanuni. Karibu na pampu kulikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa. Sababu? Walikuwa wanapewa pombe ya kunywa, tena kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Hatuandiki hivi ili munywe pombe!) Kisha alisikia juu ya mjane mmoja aliyekufa mbali sana na mtaa ule, huko Hampstead. Hewa ya Broad Street haikuweza kumfikia. Lakini mwanawe alieleza kwamba mama yake alikuwa amezoea utamu wa maji ya pampu ile, akiletewa kila siku. Binti wa ndugu yake alimtembelea, akanywa maji yale yale, akarudi kwake, naye akafa.

Tarehe 8 mwezi wa tisa wakubwa wa mtaa waliondoa mkono wa pampu. Snow mwenyewe alisema wazi kwamba wakati ule ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza kupungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia. Tunapenda jambo hilo: hakujitafutia sifa kuliko ukweli.

Kuna mtu mwingine wa kukumbuka, naye ni mchungaji kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead. Yeye hakumwamini Snow. Alitaka kuonyesha kwamba amekosa. Basi akaanza kuuliza watu wake, kwani aliwajua kwa majina na aliwazika wengi. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyoona kwamba Snow anasema kweli. Ndiye aliyegundua kwamba katika nyumba namba 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga alihara mbele ya watu wengine kufa, na mama yake alimwaga maji aliyofulia nepi katika shimo la uchafu la nyumba. Walipochimba walikuta uchafu wa shimo unapenya mpaka kisimani.

Mufikiri kidogo. Yule mama wa London hakuwa mchawi. Alikuwa mama aliyefulia mtoto wake mgonjwa. Kama mchungaji angesimama kanisani akataja jina lake kwa hasira, watu wangemfanya nini? Aliuliza ili ajue njia ya ugonjwa, wala hakutafuta mtu wa kupigwa.

4. WAZEE WETU WANAJUA KUHESABU

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wazungu." Ndugu, tushuke mpaka ziwani.

Munajua ginsi wavuvi wetu wanavyofanya. Usiku wa giza wanatoka na mitumbwi na taa. Mwanga unaita ndakala juu, nyuma yao wanakuja mikeke, ambayo ng'ambo ya Kigoma inaitwa migebuka, na wavu unapanda umejaa. Mwezi ukiwa mkubwa wanabaki nyumbani karibu juma zima au zaidi. Mvuvi akikosa ndakala siku za mwezi mkubwa, hamtafuti mchawi. Anatandaza wavu, anautia viraka, anangoja giza.

Juu ya nini hamshitaki mtu? Kwa sababu babu zake walihesabu usiku. Waliona jambo lile mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, mpaka wakajua kanuni. Vitabu vya biolojia vinaeleza sababu yake: vijidudu vidogo ambavyo ndakala wanakula vinapanda juu usiku na kushuka chini mchana, na ndakala wanavifuata. Taa inawakusanya mahali pamoja. Lakini mwezi ukiangaza ziwa lote, taa yetu ndogo inashindwa kuwaita. Mzee na kitabu wanasema jambo moja, kila mmoja kwa lugha yake.

Ziwa lenyewe linatufundisha kwamba macho hayatoshi. Tunaliona kila siku, lakini ni nani angejua kwa macho kwamba lina kina cha karibu meta 1,470, la pili kwa kina duniani nyuma ya Baikal la Urusi? Na kwamba samaki wote wanaishi sehemu ya juu tu, kwani huku kaskazini, ukipita meta kama 100 kwenda chini, hewa ya kupumua inakwisha ndani ya maji? Watu walilazimika kupima ndipo wajue.

Basi hapa ndipo tunapoona kosa letu. Juu ya samaki tunahesabu usiku. Juu ya ugonjwa hatukuhesabu kitu, tukahesabu maneno ya watu.

5. KIDUDU AMBACHO JICHO HALIONI

Kipindupindu kinaletwa na mikrobi inayoitwa vibrio. Mwitalia Filippo Pacini aliiona katika darubini mwaka ule ule wa 1854. Baadaye Mjerumani Robert Koch aliifuata Misri na India, miaka ya 1883 na 1884, akaeleza wazi kwamba ndiyo inayoleta ugonjwa. Ni ndogo hivi: ukizipanga mstari mmoja, zinahitajika karibu 500 ili kufikia milimeta moja. Ndiyo maana maji meupe yanatudanganya. Katika gilasi inayong'aa zinaweza kuwamo nyingi sana, na jicho lisione hata moja.

Zikifika katika matumbo zinatoa sumu. (Tazameni, sumu ilikuwapo kweli, lakini haikutoka katika beseni la mandazi.) Sumu hiyo inalazimisha matumbo kumwaga maji na chumvi za mwili. Mtu mwenye ugonjwa mkali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na asiposaidiwa anaweza kufa siku ile ile. Ugonjwa unaanza toka saa chache mpaka siku tano baada ya mikrobi kuingia. Ndiyo sababu munganga aliuliza juu ya siku tano.

Hapa Kivu kipindupindu si kigeni. Mwaka 1978 kilipiga huku mashariki, na tangu wakati ule kinarudi mara kwa mara kandokando ya ziwa, Uvira, Fizi na Kalemie. Mwaka 2021 na tena 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za watu wa pwani. Maji yakiingia katika nyumba yanaingia na katika choo, na kitu kilichokuwa katika choo kinakuja pale tunapochota.

Sasa tufike kwenye swali gumu. Watu wanauliza, "Kama ni maji, juu ya nini mtoto wangu ameugua na wa jirani hapana, na wote walichota pamoja?" Swali hili ndilo mlango ambao uchawi unaingilia. Tusilicheke, kwani lina jibu. Si kila gilasi ina mikrobi sawa. Asidi ya tumbo inaua nyingine, na mtu mwenye njaa au aliyedhoofika ana nguvu kidogo ya kujikinga. Tena wengi wanaoingiwa na vibrio hawaugui kabisa, au wanahara kidogo tu, lakini wanaitoa katika choo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo inawezekana kwamba mtu mzima kabisa, anayecheka, ndiye aliyebeba ugonjwa. Inawezekana alikuwa mmoja wetu. Je, naye tungemrushia mawe?

Kuna swali lingine ambalo darubini haijibu: "Juu ya nini mimi, juu ya nini leo?" Mtu aliyefiwa analiuliza akilia, na ni haki yake. Lakini mukumbuke rafiki za Ayubu. Walipokaa kimya naye walimfaa. Walipoanza kutafuta mkosaji, walimwongezea kidonda. Mtume Paulo naye, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, anawataka watu wapime mambo kwanza, ndipo washike yaliyo mazuri. Sisi tulishika bila kupima.

6. MAMBO YA KUFANYA

Sayansi inayobaki katika kaye haiokoi mtu. Mushike haya, na wale wanaokwenda nyumbani likizo wawafundishe wadogo zao.

a) Mtu akihara maji matupu, apelekwe dispensere mara moja. Msingoje asubuhi, wala msipite kwanza kwa mtu wa kutafuta mchawi. Saa zile zinazopotea kwa mashitaka ndizo zinazoua.

b) Njiani na nyumbani apewe kunywa, hata kama anatapika, apewe kidogo kidogo. Kama mumepewa paketi za chumvi za dispensere, tumieni hizo. Kama hazipo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Musizidishe chumvi. Yakipita saa 24, mwageni mutengeneze mengine.

Juu ya nini sukari? Kwa sababu sukari inafungua njia katika matumbo, na chumvi na maji vinapita pamoja nayo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikusanyika Bangaon huko India, na kipindupindu kikawakuta. Maji ya sindano yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Mbele yake walikuwa wanakufa karibu wagonjwa 30 katika 100. Kwa dawa hii vifo vikashuka chini ya 4 katika 100. Wazazi wa wengi wetu walivuka ziwa mwaka 1996 wakakimbilia Nyarugusu, Tanzania. Wanajua kambi ni nini. Habari hii muwasomee, wataielewa kuliko sisi.

c) Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yaruke, yaendelee hivyo dakika moja. Kama makala imekosekana, tieni maji yasiyo na matope katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, muilaze juani saa sita nzima. Siku za mawingu, siku mbili. Palipo na dawa ya klorini, tieni kwa kipimo walichoandika, si kwa kukisia.

d) Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna: ukitoka chooni, mbele ya kupika, mbele ya kula. Bidoni ya kunywa iwe na kifuniko, wala mtu asitie kikombe na mkono ndani yake.

e) Mukisikia mtu anashitakiwa kwa ugonjwa, muulize yale maswali matatu ya munganga, tena muulize mbele ya watu. Hasa la tatu: ni nani aliyefanya sawasawa nao lakini hakuugua? Tuliona wenyewe ginsi swali hilo moja lilivyoangusha uongo wote.

7. TULIVYOKWENDA KWA YULE MAMA

Wale watoto watano wote walipona. Yule tuliyembeba alirudi darasani kisha siku tisa, amekonda, na jambo la kwanza alilotuuliza ni kama sasa wanaruhusiwa kuchota mlimani. Hatukupata la kumjibu mara moja.

Tulieleza yote kwa Bwana Prefe. Hatukupigwa. Alisema tu kwamba maneno tuliyoyasema mbele ya meza lazima tuyarudishe mbele ya meza ile ile. Tulifanya hivyo, na ninyi mulikuwapo. Mulinyamaza sana, kuliko siku ile ya kwanza.

Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule mama, sisi makapita watatu pamoja na munganga. Tulikuwa tumebeba beseni jipya ambalo wanafunzi walichanga. Njiani kila mmoja alikuwa anataka mwenzake aongee. Tulipofika, alitutandikia mkeka. Tukamwambia, "Mama, tulikusingizia. Ugonjwa ulitoka katika maji, na maji ni sisi tuliowatuma watoto wachote." Alitazama chini muda mrefu. Halafu akasema, "Mungeniuliza. Mimi nachemsha maji yangu, mafuta yangu nachemsha. Mungeniuliza tu, ningewaonyesha."

Beseni alilipokea. Lakini kando ya njia ya shule hajarudi. Anauza mbele ya nyumba yake, na wanaonunua ni wachache. Maneno yetu ya kwanza yalikimbia mpaka vijiji vya mbali; haya ya pili yanatembea polepole, kama mzee mwenye fimbo. Ndiyo sababu tumeandika somo hili, ili yapate miguu mingine ya kutembelea. Mukipita kwake, munakaribishwa kununua. Ni mandazi mazuri.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1) Munganga aliuliza maswali gani matatu? Eleza kazi ya kila moja.

2) Juu ya nini wafanyakazi wa kiwanda cha pombe cha London na wanafunzi wakubwa wa shule yetu hawakupatwa na ugonjwa mkali? Wanafanana katika nini?

3) Eleza kwa sayansi sababu ya wavuvi kubaki nyumbani wakati wa mwezi mkubwa. Kisha mwulize mvuvi mmoja, uandike anavyosema yeye, na ulinganishe.

4) "Maji ni meupe, kwa hiyo ni safi." Onyesha kosa la sentensi hii.

5) Nyumbani kwenu, ni ugonjwa gani au hasara gani ambayo watu walimpa mtu jina la mkosaji bila kuuliza? Usiandike jina la mtu. Andika tu maswali ambayo yangefaa kuulizwa.

KAZI YA JUMA: Kila chumba cha internati kiandike katika kaye, siku saba, maji ya kunywa yalichotwa wapi, na nani, saa ngapi, na kama yalichemshwa. Makapita wataandika kwanza, na kaye yao itawekwa mezani ili kila mdogo aisome.

Tunawatakia masomo mema.

Sisi makapita wenu,
Mwaka wa mwisho, Lweba